Matone Hamsini

Ukoo wangu niuache. Nani alimzaa nani, nani alikuja na mizigo yake akafungua duka Biryogo, hayo waulize wanaopenda kuhesabu mababu. Mimi nataka kusema mwaka mmoja tu, kutoka Pasaka mpaka Pasaka. Na kama unashangaa Mwislamu kama mimi kupima mwaka kwa Pasaka, ni kwa sababu kazini walipima hivyo, na wakati ule kila kitu nilichokuwa nacho duniani kilikuwa pale kazini. Nisingesema hata leo, maana nimekaa nalo miaka thelathini na kitu na halijaniua, kama isingekuwa simu ya mwezi uliopita. Nyumba ya labo, ile maabara yetu ya Kiyovu, inabomolewa. Wanajenga hoteli. Waliofanya kazi pale zamani, mwenye kutaka kuchukua kitu cha ukumbusho aje Jumamosi saa tatu. Nikasema siendi. Nikafuate nini, matofali? Saa mbili na nusu nilikuwa nimeshasimama getini.

Ndani hamna kitu. Sinki nyeupe imepasuka, mabomba yamekatwa, ile meza ya vigae bado iko na alama ya asidi pale pembeni, doa lenye umbo la sikio. Niliijua kabla sijaiona. Na dirishani amesimama mzee mmoja na fimbo, koti kubwa kuliko mwili, anaangalia nje. Hakugeuka haraka. Alipogeuka, nikamjua.

"Hadija wa makelele," akasema. "Kumbe weye bado iko."

"Niko, Faustin."

"Na leo unanyamaza. Iko mgonjwa?"

Miaka yote hiyo nilijua anakaa mji huuhuu. Niliambiwa yuko Batsinda, kwa binti yake. Kutoka kwangu mpaka Batsinda ni nusu saa ya pikipiki, na mimi nikaigeuza ikawa safari ya miaka thelathini. Ili ujue kwa nini, inabidi nikupeleke kwanza kwenye ile meza.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kusoma sikuacha: nilisoma gazeti lililofungia nyama, nilisoma katalogi za vitambaa za Kifaransa kwa mshonaji jirani yetu, nikimuuliza kila neno mpaka ananifukuza. Labo walinichukua niwaoshee vyombo vya kioo. Siku ya kwanza niliosha kila kitu kwa sabuni ya unga, nikasugua, nikapanga juani, vinang'aa. Nikasimama pembeni nisifiwe. Akaja Mwarimu Deo, mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Akainua bilauri moja juani, akaizungusha.

"Umeosha vizuri sana, Hadija. Vizuri kabisa. Sasa tutakaa wiki nzima kuondoa sabuni yako."

Nikawaka. Nikamwambia kama anataka vyombo vichafu angesema, kuna watu wengi Kigali wanaojua kuacha vyombo vichafu. Yeye akacheka, akavuta kigoda, akaniita mezani. Akajaza sahani maji, akachukua sindano ya kushonea na kuilaza juu ya maji kwa kipande cha karatasi. Karatasi ikazama, sindano ikabaki. Chuma juu ya maji! Akasema maji yana ngozi. Huioni, lakini ipo, na inabeba. Halafu akaniambia nipitishe kidole kwenye nywele zangu, niguse maji pembeni tu, mbali na sindano. Nikagusa. Sindano ikakimbia kama imepigwa kofi, ikafika upande wa pili, ikazama. "Umeona?" akasema. "Hukufanya kitu kibaya. Umegusa tu. Mafuta ya nywele, kidogo hata nzi haoni. Kazi yangu yote ni hiyo ngozi. Kwa hiyo kwangu uchafu siyo matope. Uchafu ni kitu chochote kilichogusa na nia nzuri."

Hayo maneno ya nia nzuri niliyasikia siku ya kwanza kabisa. Nayasema ili usije ukanitetea.

Usifikiri Mwarimu alikuwa mtu mdogo. Alisoma chuo kikuu Butare, akaenda Ubelgiji miaka mitatu, akarudi na karatasi iliyomruhusu kufundisha lakini siyo kupanda. Akafundisha miaka kumi na mbili, msaidizi, msaidizi, msaidizi. Vijana aliowaonyesha yeye namna ya kushika chupa wakampita wakawa maprofesa, wakaanza kumwita Deo bila Mwarimu. Sababu ilikuwa imeandikwa kwenye kitambulisho chake, neno moja, jina la kabila lake, na kila mwaka ofisini wanamwambia nafasi za watu wa neno lile zimejaa. Hakupiga kelele. Mimi ningepiga. Mwaka wa tisini, vita ilipoanza mpakani, wakamchukua pamoja na wengine wengi, wakasema ni wasaidizi wa adui. Alikaa ndani miezi sita. Alipotoka, mikono yake ilikuwa inatetemeka, yote miwili, kama mtu anayepepeta mchele, na haikuacha tena. Butare kiti chake kilikuwa kimeshakaliwa. Rafiki akamtafutia ile kazi ya Kiyovu, awapimie watu mafuta na sabuni zao, na saa zinazobaki afanye utafiti wake. Na Ubelgiji kulikuwa na profesa mmoja mzee ambaye hakumsahau. Akamwandikia barua: maliza vipimo vyako vyote, ulete, jopo litakusikiliza, utapata teze yako, ule udaktari wa elimu, na kazi huku. Toka huko, Deo. Hilo la mwisho aliliandika kwa kalamu chini ya maandishi ya mashine. Niliona mwenyewe, maana barua ile aliiweka chini ya kioo cha meza na mimi nilikuwa nasoma kila kitu.

Sasa ona shida. Vipimo vyenyewe ni vya matunda ya porini, yale madogo yanayotoa povu, ambayo bibi zetu walifulia nguo kabla ya sabuni ya duka. Lazima yawe mabichi. Yakikauka, povu lake ni lingine, kwa hiyo huwezi kuyatia kwenye sanduku ukaenda kupimia Ulaya. Lazima upime hapa. Na chombo cha kupimia ni bomba la kioo, jembamba, katikati limevimba kama koo lenye goita. Unalijaza, unaliacha lidondoshe, unahesabu matone mpaka kile kivimbe kiishe. Ngozi ya maji ikiwa nzima, tone linakuwa nene, matone yanakuwa machache. Ngozi ikiwa dhaifu, tone linaanguka mapema, yanakuwa mengi. Ndiyo hiyo tu. Lakini bomba linataka mkono uliotulia kama wa maiti, na Mwarimu mikono yake walimharibia. Kwa hiyo ikawa mkono wangu. Mimi, wa darasa la sita, mwosha vyombo. Yeye anakaa nyuma yangu kwenye kigoda na daftari, mimi nahesabu kwa sauti.

Kila asubuhi tulianza na maji matupu, yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa. Maji safi kwenye lile bomba ni matone hamsini. Siyo arobaini na tisa, siyo hamsini na moja. Ikiwa hamsini, siku imefunguka, tunafanya kazi. Ikiwa siyo hamsini, kuna kitu kimegusa, na hakuna kazi mpaka kipatikane. Ikawa ndiyo salamu yetu. Mwarimu akiingia, kabla ya kuvua kofia: "Hamsini?" Nami: "Hamsini, Mwarimu." Na aliyetengeneza yale maji alikuwa Faustin, mtu wa Ruhengeri, mabega mapana, mtani kuliko wote, ambaye alikaa na mtambo wake wa mvuke kama mama na mtoto mchanga.

Mchana tulikula chumba cha pembeni, palipowekwa mizani mbovu. Mwarimu alikuja na sufuria kutoka Kicukiro, mke wake Mama Solange ameifunga kwenye kitenge mafundo mawili: maharage na ndizi za kupika, siku nyingine isombe ya majani ya muhogo, ikifunguliwa chumba kizima kinanuka majani na mawese. Alipika ya watatu. Hajawahi kutuona hata mara moja na alipika ya watatu.

"Hadija, na huo mdomo," Faustin anasema huku anatafuna, "nani atakuoa?"

"Si wewe. Kula kwa raha."

"Mungu asifiwe. Mwarimu, umesikia? Mungu iko."

"Muache," anasema Mwarimu. "Mdomo wake unatetemeka kuliko mikono yangu. Lakini mkono wake hautetemeki."

Nilikuwa tayari kufa kwa ajili ya mtu aliyesema hivyo. Sitanii. Alinipa kitabu chake cha kemia, Kifaransa kitupu, nikakisoma nyumbani na daftari pembeni, ukurasa mmoja siku tatu. Mtu akisema neno baya juu ya Mwarimu pale kazini alinisikia mpaka barabarani. Na maneno mabaya yalianza kuwa mengi. Chini ya dirisha letu palikuwa na kibanda cha mlinzi, na mlinzi alikuwa na redio, ile redio mpya yenye muziki mzuri na mizaha. Inapiga wimbo, inatupa mzaha, katika mzaha kuna sumu, wimbo tena. Sauti inapanda mpaka kwenye sahani zetu. Mwarimu anasema, "Nipeni chumvi." Siku moja, mzaha mmoja, Faustin akacheka. Kicheko kifupi tu, kimemtoka, akashika mdomo. Mimi kile kicheko nikakiweka kama kisu chini ya godoro.

Baada ya Noeli, asubuhi moja tukakuta mlango wa labo umeandikwa kwa chaki. Inyenzi. Mende. Mwarimu alilitazama kama anasoma jibu la mwanafunzi, akachukua kitambaa, akafuta, mkono unatetemeka, chaki inaenea tu. Nikamnyang'anya kitambaa nikafuta mimi. Halafu nikashuka kwa mlinzi, na niliyomwambia sitayaandika. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha: "Dada, weye ni Mswahili. Hii siyo mambo yako." Sisi wa Biryogo walituita hivyo, Waswahili, kama siyo wa huku wala wa kule. Nikarudi juu na hasira ambayo sikuwa na pa kuiweka.

Nikaiweka kwenye chetezo. Kwetu nyumba ikiingiliwa na jicho baya, inafukizwa. Udi, ubani, makaa mekundu, unapita kila pembe unasoma. Ijumaa iliyofuata nilifika labo saa kumi na mbili asubuhi, mimi na chetezo cha nyumbani chini ya mtandio. Nikazungusha moshi mlangoni mara saba. Nikafukiza kigoda cha Mwarimu. Nikafukiza meza, kabati la bilauri, mtambo wa maji, bomba lenyewe, nikilisomea Kul-huwallahu tone kwa tone. Niliwapita wote kwa kumpenda, hilo nilikuwa na hakika nalo. Nikafungua madirisha, nikaosha mikono. Faustin alipoingia akanusa. "Leo tuko msikitini?" Nikamwambia ni nguo zangu, na akaamini, maana wanawake wa kwetu nguo zetu zinanukia hivyo hata za kazini.

Jumatatu maji yakawa hamsini na moja.

Tukachoma bomba upya, tukasafisha, yakarudi hamsini. Ijumaa nikafukiza tena. Jumatatu hamsini na tatu. Sasa sikiliza akili yangu ilivyokwenda: nikaona uchawi umezidi, basi na mimi nikazidisha udi. Ikawa Ijumaa na Jumanne. Hamsini na tano. Hamsini na mbili. Hamsini na tano. Siku zinapita, daftari halijazwi, tikiti ya Mwarimu ni ya mwisho wa Februari, na kwenye orodha ya michanganyiko ishirini na minne ya maji na yale matunda tumefika wa tisa, na hata hiyo tisa Mwarimu ameanza kuitilia shaka. Alikonda. Alikaa kwenye kigoda anaangalia lile bomba kama mtu anayeangalia mtoto mgonjwa. Mimi, moyo wangu unauma, narudi nyumbani kununua ubani mwingine.

Na nikajiuliza: nani anatengeneza maji? Nani alicheka?

Ilikuwa saa nne asubuhi, uani, watu wako nje wanakunywa chai. Mwarimu hayupo, amekwenda kufuata viza. Faustin anatoka na bidoni, lile dumu la maji, ananipita, anasema, "Leo labda itakuwa hamsini, mukecuru, usinune." Kuniita mukecuru, bibi kizee. Mzaha wa kila siku. Nikalipiga teke lile bidoni likaanguka.

"Wewe ndiye unayetia sabuni kwenye maji ya Mwarimu!"

"Nini?"

"Ulicheka na redio nikakuona! Wewe ni wao! Mmeandika mlangoni, sasa mnamuua kwa maji! Sema mbele ya watu, sema!"

Direkta, bosi wetu sote, ametoka kwenye varanda. Faustin alinitazama, halafu akatazama maji yanayokimbia kwenye saruji, maji aliyokaa nayo tangu alfajiri. Akatoa funguo za mtambo mfukoni, akaziweka kwenye ngazi. Direkta hakupenda maneno ya namna ile kwenye ua wake, hakutaka kujua ni kweli au uongo. Siku ya pili Faustin akahamishiwa ghalani, Gikondo, kuhesabu magunia.

Mwarimu aliporudi nikamweleza kwa fahari. Ndiyo. Kwa fahari. Akakaa.

"Umepima?"

"Nimpime nani, Mwarimu?"

"Umechukua maji yake, ukatafuta sabuni, ukaipata?"

"Alicheka!"

"Hadija." Mikono yake ilikuwa mapajani, akaishika moja kwa nyingine ili itulie. "Mimi walinifunga miezi sita kwa sababu mtu alinionyesha kidole uani. Bila kupima."

Maji sasa alitengeneza Mwarimu mwenyewe. Yakatoka hamsini na nne.

Ramadhani ikaingia. Ijumaa ya kwanza ya mfungo nilikuja mapema kama kawaida, nikawasha makaa, niko katikati ya chumba, moshi umejaa, nasoma, mlango ukafunguka. Mwarimu. Hakulala, akaamua kuja kuanza mapema. Akasimama na kofia mkononi. Nilidhani atakasirika kwa sababu ya dini, yeye ni Mkatoliki, nikaanza kupiga domo, kwamba siyo uchawi, kwamba ni dua tu, kwamba nyumba ikiandikwa neno kama lile lazima...

"Tangu lini?"

"Tangu ule mlango."

Akavuka chumba, akachukua bilauri moja safi kabatini, akaipitisha juu ya chetezo changu, mara moja tu, akaipulizia pumzi. Pumzi haikutanda sawasawa kwenye kioo. Ilikaa vidoa vidoa, kama ngozi yenye upele. Akaniinulia dirishani nione. Udi una mafuta. Moshi wake ni mafuta yanayoruka. Yameruka wiki sita, yamekaa kwenye kila kioo, kwenye mtambo, kwenye ncha ya bomba, mafuta kidogo hata nzi haoni. Nilielewa kabla hajasema. Kitabu chake nilikuwa nimekisoma mpaka sura ya saba, sikuwa na kisingizio.

Nikakaa chini kwenye sakafu. Na yeye, Mwenyezi Mungu amrehemu, alicheka. Siyo kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyechoka.

"Basi dua yako imeshika," akasema. "Imeshika kila kitu."

Nilitaka anipige. Akazima makaa kwenye sinki, akafungua madirisha. Halafu, amenipa mgongo: "Faustin utamwambia lini?"

"Nitamwambia, Mwarimu."

"Wewe mwenyewe. Siyo mimi. Na mbele ya watu walewale."

"Jumatatu, Mwarimu."

Kila Jumatatu nilikuwa nayo sababu. Kazi ni nyingi. Nimefunga, sina nguvu. Gikondo ni mbali. Ukweli ni huu: mdomo wangu ulijua kufunguka kwa hasira, kwa haya haukujua. Mwarimu aliuliza mara mbili. Mara ya tatu hakuuliza, akanitazama tu.

Tukaanza upya. Kila kioo kwenye asidi ya moto, suuza, suuza, mpaka vidole vyangu vikachubuka. Siku nane tulipigania hamsini. Ilipotoka nikapiga kelele, mlinzi akaja kuuliza nani amekufa. Tikiti ikasogezwa baada ya Pasaka. Mama Solange na mtoto wakatangulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kwa dada yake, maana Kicukiro usiku walikuwa wanarusha mabomu ya mkono kwenye nyumba za watu. Walisema wamsubiri, wataondoka pamoja. Na Mwarimu angeweza kwenda nao siku ileile. Hilo ndilo nataka ulishike. Hakukuwa na kitu kingine kilichomzuia Kigali. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa ndani ya yale matone, na mimi nilikuwa nimeyaharibu, na yeye alibaki kuyahesabu tena.

Kipindi kile sufuria haikuja tena. Alikula mkate mkavu, na kwa sababu nilikuwa nimefunga alikwenda kuula stoo, nyuma ya mlango, nisimwone. Nilisikia ukivunjika. Jioni wakati wa kufuturu naondoka, anasimama dirishani ananiangalia mpaka nipite geti. Idd ikapita. Pasaka yao ikapita. Michanganyiko ishirini na mitatu, kila mmoja mara tatu, yote imekaa kwenye mstari mzuri kama shanga kwenye uzi. Jumatano, saa kumi alasiri, ukabaki mmoja. Nikajaza bomba. Umeme ukakatika, na bila taa pale ndani tone hulioni vizuri. Nikamwambia tusogeze meza dirishani.

"Hapana," akasema. "Mkono wako umechoka, na mimi macho. Tusiharibu la mwisho kwa haraka. Kesho asubuhi." Akafunga daftari. Akavaa kofia. Mlangoni akageuka. "Hadija. Na Faustin."

"Kesho, Mwarimu."

Usiku ule ndege ya rais ilianguka. Yaliyofuata yameandikwa na watu wengi, na waliobaki wameyasema vizuri kuliko mimi. Mimi nasema la kwangu. Asubuhi nilivaa viatu niende Kicukiro kumleta Mwarimu. Mjomba alinivuta kwa mtandio akanifungia chumba cha nyuma, akakaa mlangoni kwa nje. Niligonga mpaka mikono ikavimba. Huo mkono usiotetemeka. Nilimtukana mjomba matusi ambayo mtoto hamwambii mkubwa wake, na yeye kwa nje anasema tu, "Sema, mwanangu, sema, lakini hutoki." Katika nyumba ile tuliwaficha watu tisa na wote wako hai, wanakuja Idd kula pilau kwetu, wananiita shujaa. Nawachukia wakiniita hivyo. Yule niliyemtaka hakuwa mmoja wao.

Julai nilirudi Kiyovu. Vioo vyote chini. Daftari lilikuwa kwenye droo, halikuwa na thamani kwa aliyepora. Kwenye wiki zile sita za udi, Mwarimu alikuwa ameandika sababu, mstari mmoja kwa Kifaransa, maandishi yanapanda na kushuka: vyombo vilichafuka, kosa la mkuu wa kazi. Yaani yeye.

Basi sasa rudi na mimi dirishani, Jumamosi ile, Faustin na fimbo yake.

"Ilikuwa udi," nikasema. Bila salamu nyingine, bila kukaa. "Yale maji. Haikuwa wewe. Nilikuwa nafukiza chumba kwa siri. Mwarimu alijua. Aliniambia nije nikwambie mbele ya watu, na mimi sikuja."

Nje mashine ya kubomoa ilikuwa inapashwa moto.

"Nilijua siyo sabuni," akasema. "Sabuni ingetoa sitini na kitu. Hamsini na tano hiyo ni mafuta."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Weye ulikuwa unampa mtu nafasi ya kusema?"

Nikashika ukingo wa meza. Halafu yeye akaniambia kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu, maana hakujua amwambie nani. Siku chache baada ya ndege, alikuwa karibu na kiwanda cha Sonatubes, amejibanza kwenye ukuta, na kundi la watu lilikuwa linasukumwa kupita pale, wengi sana, wamezungukwa na wenye silaha, wanapelekwa kuuawa. Akamwona Mwarimu. Shati limefungwa mpaka juu.

"Akaniona. Akainua mkono hivi." Faustin aliegemeza fimbo mezani, akainua mkono, vidole vitano vimekunjuka. Halafu akafunga ngumi. "Tano. Kisha ngumi. Lakini ule mkono, unajua, ulikuwa unatetemeka. Labda alikuwa ananipungia tu. Miaka yote nimejiuliza, alikuwa anasema nini huyu mtu?"

Nilimwambia. Tano, na sifuri: hamsini. Nilimwambia kwamba Mwarimu alibaki Kigali kuhesabu upya niliyoyaharibu kwa udi, kwamba mwishoni maji yalikuwa hamsini, mtambo wake haukuwa na kosa lolote, na kwamba Mwarimu alikuwa ameshaona sitakwenda Gikondo, akapeleka ujumbe mwenyewe, kwa mkono ule, mahali pale. Au alikuwa anapunga tu. Faustin alitazama ngumi yake muda mrefu kabla ya kuifungua.

"Ile ya uani nimekusamehe," akasema. "Zamani, kwa sababu ya uzee, siyo kwa sababu yako. Lakini hii ingine, ya yeye kubaki Kigali, hiyo siyo yangu. Hiyo iko ya mke wake."

Mama Solange, uko mbali na tunapigiana simu kila Aprili, na kila Aprili unaniambia yaleyale: Deo alipenda kazi kuliko nafsi yake, ndiyo maana alichelewa. Na mimi kila Aprili naitikia, ndiyo, Mama. Daftari nakuletea. Mstari wa ishirini na nne uko mtupu, sikuujaza. Ukifika ukurasa ule alioandika kosa la mkuu wa kazi, usimwamini. Hakuchelewa kwa sababu ya kazi. Ulipika ya watatu, na mmoja wa wale watatu nilikuwa mimi.